Boti ya faiba iliyokaa nchi kavu miaka: kuirudisha majini na Yamaha Enduro 40 yake

Karibuni ndugu zangu, wavuvi, manahodha na wote mnaopenda boti. Hii hapa ni boti ya faiba ya futi 19, na nyuma imefungwa Yamaha Enduro 40 ya kuvuta kamba, ile ya silinda mbili inayochanganyiwa oili kwenye petroli. Imekaa juu ya magogo miaka. Kabla ya yote: mkono usiguse kamba. Najua hamu ilivyo, mtu akiiona mashine anataka aisikie. Lakini boti ya kazini huharibika kwa kuchakaa, na hii imeharibika kwa kukaa. Mipira imekauka, chumvi imeganda kwenye njia za maji, silinda zimeota kutu nyembamba. Ukivuta leo, kutu ile inakwaruza pistoni na ukuta wa silinda, na impela iliyokakamaa, ile feni ya mpira ya pampu ya maji, inakatika mabawa. Mashine iliyohitaji vipuri vidogo inageuka ya kufunguliwa yote.

Kuosha mnajua: maji matamu, sabuni, brashi ngumu. Toa kizibo cha nyuma, inua omo, yaani mbele ya boti, maji yote ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya boti, yatoke. Twende.

Fungua plagi zote mbili. Tia kijiko kidogo kimoja cha oili ya mashine ya boti kwenye kila silinda na uiache ilale humo hadi kesho. Oili ikifanya kazi yake sisi tunakagua bodi.

Chukua bisibisi, ishike kwa upande wa chuma, gonga na mpini. Anza omo, fuata mkuku, ule uti wa chini katikati, kisha mbavu zote mbili kila kiasi cha kiganja. Faiba nzima inalia kavu: ko, ko, ko. Ukisikia bu, bu, hapo matabaka yameachana au maji yameingia. Zungushia chaki. Usiwe na haraka kwenye hatua hii, sikio ndilo kipimo.

Sasa ubao wa nyuma, pale mashine inapofungwa. Humu ndani kuna plaiwudi iliyovikwa faiba pande mbili, na inabeba mashine ya zaidi ya kilo 70 pamoja na msukumo wake wote. Inua mguu wa mashine, shika sehemu ya chini kabisa, bonyeza juu na chini huku ukiangalia kona za ubao. Kona zisicheze hata kidogo. Halafu toboa kwa ndani, drili ya milimita 6, chini karibu na kizibo na chini ya bolti za mashine. Usipitilize nje. Unga ukitoka mkavu wa rangi ya mbao, mshukuru Mungu.

Kijana, sogeza kamera hapa. Karibu zaidi. Mnaona? Unga mweusi, umelowa, na sasa maji ya kahawia yanachuruzika kwenye tundu. Maji haya hayajaingia kwa kizibo, yameingia kwa matundu ya bolti: mtu alitoboa, akapitisha bolti, hakuziba kuta za tundu. Basi mashine ingoje. Ubao huu ukiachwa, siku ya mawimbi mashine inang'oka na kipande cha nyuma.

Shusha mashine. Kata ngozi ya faiba ya ndani tu, acha ukingo wa sentimita 5 pande zote, na usiiguse ngozi ya nje kwa sababu ndiyo umbo la boti. Kwangua mbao zote zilizooza mpaka ufike faiba safi, kisha piga msasa namba 40. Acha ikauke. Hapa watu wengi wanakosa subira: faiba inaonekana kavu juu, kumbe imebeba unyevu. Bandika kipande cha nailoni angavu kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kiache siku nzima juani. Ukikuta ukungu wa maji ndani ya nailoni, bado. Endelea kuanika.

Plaiwudi iwe ya baharini, na unene uufuate ule uliokuwepo. Hapa ulikuwa milimita 36, kwa hiyo tunabandika mbili za 18. Plaiwudi ya kabati isiingie humu hata ukipewa bure, gundi yake inafumuka. Pakaa rezini mbao zote, hasa kwenye kingo, maana maji huingia kwa ukingo. Kisha tandika rezini iliyokorezwa unga wa kukorezea, nzito kama siagi ya karanga, bandika mbao na uzibane kwa bolti ndefu kupitia matundu ya zamani. Bolti zipakwe grisi usije ukazigandisha humo. Rezini nzito itoke kila ukingo. Usipoiona inatoka, ndani kuna mwanya.

Kuhusu rezini nisikilizeni vizuri. Ya poliesta, kilo moja inataka mililita 10 hadi 20 za hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Kwa joto letu la mchana tumia 10, na hata hivyo una kama robo saa kabla haijaanza kuganda. Koroga kidogo kidogo, nusu kilo kwa nusu kilo. Ukinunua rezini isiyochanganyiwa kobalti, ile dawa ya kuharakisha kuganda, kobalti inaingia kwanza kwenye rezini, inakorogwa mpaka imeenea, ndipo hadina ifuate. Kobalti na hadina zisikutane zenyewe kwa zenyewe kamwe, hata tone kwenye kikombe kimoja. Zinalipuka. Na hadina ikiruka jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo miwani ivaliwe, na ndoo ya maji safi iwe pembeni. Ikiruka, osha jicho kwa maji mengi robo saa mfululizo, halafu hospitali.

Ngozi ya ndani tunairudisha kwa mati, yaani mkeka wa nyuzi za faiba, ya gramu 450 kwa mita ya mraba. Mita moja ya mraba inakunywa karibu kilo moja ya rezini. Weka tabaka, lowesha, pitisha rola mpaka weupe wote uishe. Kila doa jeupe ni hewa. Tatu leo, nyingine kesho, kwa sababu ukirundika tabaka nyingi mara moja joto linapanda na faiba inajikunja.

Matundu ya bolti sasa. Usitoboe saizi ya bolti. Toboa pana zaidi, ziba kwa epoksi iliyokorezwa, ikikauka toboa tena katikati kwa saizi yake. Kwa njia hiyo bolti inapita ndani ya epoksi na mbao hazioni maji hata gundi ikichoka. Funga kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, na gundi ya baharini ya poliyurethani. Silikoni ya bafuni iache bafuni.

Turudi kwenye mashine. Oili imelala. Zungusha gurudumu la juu kwa mkono, mwelekeo wa saa ukitazama kutoka juu, na usirudishe nyuma. Likizunguka laini, pima kompresheni: plagi zote nje, waya zake zigusishwe kwenye bodi ya mashine, akselereta wazi kabisa, vuta kamba mpaka mshale usipande tena. Silinda mbili zisipishane zaidi ya asilimia 10. Zikipishana sana, simama hapo na ufungue kichwa.

Petroli ya zamani mwaga mahali salama, si ufukweni. Kabureta ifunguliwe, hata kama mtu atakuambia puliza tu. Petroli ikikauka inaacha utando kama vanishi ndani ya jeti, na jeti ikipitisha kidogo, mashine inapata petroli haba na oili haba pamoja. Pistoni inaungua. Zibua kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa, au kwa mshipi mwembamba wa kuvulia. Waya wa chuma unapanua tundu, usiutumie. Mpira wa mafuta uliokakamaa badilisha, na mshale wa pampu ya mkono uelekee kwenye mashine.

Giaboksi. Fungua skrubu ya chini, kisha ya juu. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na mara nyingi mhalifu ni huyu hapa. Toa propela, angalia nyuma yake. Mnaona nyuzi hizi zilizojisokota kwenye shafti? Mshipi wa kuvulia. Unazunguka na shafti mpaka unakula sili, ule mpira unaozuia maji kuingia. Badilisha sili, kisha jaza oili ya gia za boti kwa kuisukuma kutoka tundu la chini hadi itoke juu bila mapovu. Funga skrubu ya juu kwanza, ndipo uchomoe bomba na ufunge ya chini. Gasketi za skrubu ziwe mpya.

Sasa pampu ya maji. Tulieni. Weka alama ya rangi pale nati ya fito ya gia ilipokaa, ifungue, legeza bolti za mguu, ushushe moja kwa moja. Pampu iko juu ya mguu na ina bolti nne. Inua nyumba ya pampu taratibu, inua impela, na hapo kwenye shafti kuna kii, kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Ichukue sasa hivi, iweke kwenye kisahani. Kii hii ikiangukia mchangani, kazi imesimama.

Impela mpya, bila majadiliano, hata kama ya zamani inaonekana nzima; mabawa yaliyokaa yamepinda miaka hayanyooki tena. Seti kamili ya pampu, yaani impela, gasketi, sahani na kii, ninayo dukani, na mikoani tunatuma kwa basi. Sahani na kikombe cha ndani vikiwa na mikwaruzo inayoshika ukucha, badilisha navyo.

Kurudisha: kii kwenye nafasi yake kwanza, na grisi kidogo iishikilie. Telezesha impela mpaka mfereji wake umeze kii. Simama. Zungusha shafti kwa mkono mwelekeo wa saa: impela izunguke nayo. Ikibaki, kii imeanguka au imekaa upande. Paka grisi nyepesi ndani ya kikombe, kisha ukiwa unaendelea kuzungusha shafti mwelekeo wa saa, bonyeza nyumba ishuke juu ya mabawa. Kabla ya kukaza bolti nne, jaribu tena. Kii! Kii ikikosekana, mashine itawaka vizuri kabisa, itanguruma, na haitavuta tone la maji.

Meno ya juu ya shafti paka grisi ubavuni, si kichwani, kwa sababu grisi ya kichwani inazuia shafti kukaa mpaka mwisho. Pandisha mguu huku unaangalia bomba la maji liingie kwenye mpira wake juu ya pampu. Likikaa kando, unaweza kukaza bolti zote na usijue. Mulika kwa tochi. Mulika tena. Kisha rudisha fito ya gia kwenye alama, na ujaribu mbele, huru, nyuma.

Zinki, kile kipande kinacholiwa na maji badala ya mashine, badilisha ikiwa imeliwa nusu, na usiipake rangi. Walio Ziwa Victoria au Tanganyika, kwa maji matamu tumieni ya magneziamu. Rangi ya kuzuia chaza yenye shaba paka bodi peke yake. Ikigusa mguu wa mashine, alumini inaliwa.

Petroli mpya: lita 20 kwa mililita 400 za oili, na oili iandikwe TC-W3, alama ya oili ya mashine za boti. Ya pikipiki inaacha majivu kwenye plagi na pistoni, kwani mashine ya boti inapozwa na maji na haichomi joto kama ile.

Washa kwenye pipa, maji yapite juu ya ile sahani bapa iliyo juu ya propela, na propela yenyewe itolewe. Hapo kwenye kitundu cha pembeni lazima mashine ikojoe. Hesabu mpaka thelathini, isipokojoa, zima. Kitundu chenyewe kinaweza kuwa kimezibwa na chumvi au nyigu, kichokoe kwanza. Bado? Shusha mguu, uangalie bomba na kii. Moshi mwingi mwanzoni ni ile oili ya silinda, usiogope.

Boti nzito ishusheni siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji yaifuate yenyewe. Kizibo kwanza! Kisha ifungeni ikielea saa nzima, mkitazama ngama na kona za ubao wa nyuma. Nanga, makasia na maboya ya kuvaa yawemo, na ukaguzi wa mamlaka ya vyombo vya majini kulingana na ulipo: TASAC Tanzania Bara, ZMA Zanzibar au KMA Kenya. Safari ya kwanza iwe fupi, karibu na ufukwe, nusu akselereta. Mkirudi, kazeni tena bolti za mashine, na mlegeze kidogo skrubu ya chini ya giaboksi mchungulie tone la oili. Likiwa safi, endeleeni na kazi. Likiwa jeupe, sili haijakaa, itoeni tena kabla ya safari ya pili.