Nani Alikata Miti Hapa?

Mhadhara kwa wanafunzi wa misitu, Morogoro

Ahsante, Mwenyekiti. Umenitambulisha kwa maneno makubwa, eti mtaalamu wa mazingira ya Uskoti. Nisahihishe mapema kabla hajatokea mtu wa kuniumbua. Nilikaa Edinburgh mwaka mmoja tu, kuanzia Septemba 2015, nikisomea misitu kama ninyi, na sehemu kubwa ya mwaka huo nilikuwa chumbani, ghorofa ya nne, nimejifunika blanketi mbili. Ninayowaletea leo si ya darasani. Ni niliyoyaona nikienda dukani, nikitoka maktaba, nikisubiri basi.

Nianze na jua, maana ndilo lililonitia adabu. Saa zetu za Kiswahili zimefungwa kwenye jua, na mtu wa Lushoto kama mimi anaweza kuishi bila kuangalia ukutani. Sasa nenda Edinburgh mwezi wa Desemba. Jua linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama. Hata hiyo saa sita ya mchana halipandi utosini. Linatambaa juu ya mapaa ya majirani kama mtu anayechungulia ua wa wenzake, halafu linakwenda zake. Naingia darasani gizani, natoka gizani. Siku moja nikampigia mama simu nikamwambia sijaona kivuli changu tangu Jumatatu. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama kuna mtu nimegombana naye huko.

Ikaja Aprili. Nilikuwa nakatiza kilima cha Blackford, kilichoko ndani ya mji huo huo, na mfuko wa viazi mkononi, nikasikia harufu ya nazi. Nikasimama. Waliotoka Tanga mtanielewa: si nazi ya sabuni wala ya biskuti, ni ile iliyotoka kwenye mbuzi sasa hivi, tui bado halijakamuliwa. Nikatazama huku na huku kumtafuta anayepika. Hakuna mtu, hakuna nyumba. Nikaifuata pua mpaka kwenye kichaka cha miiba mitupu, maua ya njano yamekijaa kama mtu kayamwaga kwa ndoo. Wenyewe wanakiita gorse. Nikainama ninuse vizuri, mwiba ukanichoma shavu. Sikujali. Tangu siku hiyo mpaka maua yalipopungua, njia yangu ya dukani ilikuwa ndefu kwa dakika kumi na tano. Kule kuna msemo kwamba gorse ikikosa maua, ujue watu wameacha kubusiana. Ukitafuta, hata Januari utakuta ua moja moja. Wazee wale wanajua utani.

Shakwe, wale ndege wa baharini, siwapi nafasi. Waliniibia chipsi mara mbili, na ya pili ilikuwa Ijumaa nimefulia. Tuendelee.

Jambo lililonileta mbele yenu lilitokea Oktoba, mwezi wangu wa pili. Darasa letu lilipanda treni kutoka Glasgow kwenda Fort William. Reli ile inakatiza nyanda za Rannoch, na kuna kituo kinaitwa Corrour ambacho hakifikiwi na barabara ya umma: ni treni au miguu yako. Wenzangu wamebandika nyuso dirishani, simu juu, wanapiga picha. Milima mikubwa, ukungu umeshika vilele, vijito vinateremka kama nyuzi nyeupe. Mmoja akaniambia, "Umeona nyika halisi? Hakuna mkono wa mtu hapa."

Nikatazama. Naapa nilijaribu kuona alichokiona. Lakini mimi nimezaliwa Usambara. Mlima wenye mvua kiasi kile, usio na mti hata mmoja kutoka mguuni hadi kileleni, kwetu una maana moja tu. Nikamuuliza, kwa nia njema kabisa, "Nani alikata miti hapa?"

Behewa zima likacheka. Mwalimu wetu, mama mmoja wa makamo, hakucheka.

Kabla sijawaambia alivyojibu, niwape habari ya babu yangu. Baada ya Vita vya Pili serikali ya Mwingereza iliwaambia Washambaa kwamba wanaiharibu milima kwa kilimo chao. Ikaja amri ya matuta. Kila kaya ichimbe matuta kwenye miteremko, asiyechimba anatozwa faini. Kazi ilikuwa nzito, na iliwaangukia zaidi wanawake. Watu walipinga hadi mpango ukafa kabla hata ya Uhuru. Babu alikuwa akisimulia habari ya bwana shamba wa Kizungu aliyesimama kwenye shamba lake, mikono kiunoni, akimuuliza kwa Kiswahili kibovu, "Wewe, kwa nini kata miti?" Sasa fikirieni mjukuu wake yumo ndani ya treni, katika nchi ya yule bwana, anatazama mlima uliokwanguliwa kama kichwa cha mtoto wa shule.

Mwalimu alinijibu tuliposhuka. Kwanza alinipunguza kiburi: si yote yalikatwa. Maelfu ya miaka iliyopita hali ya hewa ilizidi unyevu, mboji, ule udongo mweusi wa mimea isiyooza vizuri, ikatanda, misonobari mingi ikafa yenyewe. Halafu wakaja wakulima wa kale na mashoka yao, kisha karne za mbao na kuni, kisha kondoo. Katika karne ya 18 na 19 wenye ardhi waliwahamisha watu wengi kutoka nyanda za juu ili kupisha kondoo. Walioondolewa wengine walivuka bahari hadi Kanada. Mwanzoni mwa karne ya 20 misitu ilibaki kama asilimia 5 ya nchi. Vita vya Kwanza vilipowakuta hawana mbao za kutosha ndipo serikali ikaunda tume ya misitu, mwaka 1919, wakaanza kupanda. Leo wamefika kama asilimia 18 au 19, ila sehemu kubwa ni miti ya Sitka, jamii ya misonobari iliyoletwa kutoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, imepangwa mistari kama askari wa gwaride.

Kisha akanionyesha kitu. Palikuwa na mfereji uliochimbwa kwenye mboji, mweusi, maji yanang'aa chini. Ukingoni kimechomoza kisiki. Akaniambia nikishike. Kilikuwa baridi na laini kama ngozi iliyolowa, mizizi bado imetandaza vidole vyake. Nikakikwangua kwa kucha, ukucha ukatoka na harufu hafifu ya utomvu. Msonobari, umri wake maelfu ya miaka. Mboji haina hewa, kwa hiyo mti hauozi ndani yake. Nikawaita wale wenzangu wa nyika halisi waje kushika.

Na kuna uzio. Hili la uzio ndilo ningependa mlitazame kitaalamu. Mbegu hazijakosekana, zinaota. Nje ya uzio nilipiga magoti, nikafunua vile vichaka vigumu vya heather, nikakuta miche ya msonobari imekatwa ncha, mifupi kuliko kidole changu, mingine ina umri wa miaka kadhaa. Ndani ya uzio, hatua tatu tu kutoka hapo, miche kama ile inanifika kifuani. Tofauti ni ayala, mnyama mwenye pembe za matawi anayeila miche hiyo. Ndiyo, yule yule wa Zaburi anayeionea shauku mito ya maji. Kwa aina zote pamoja wanakadiriwa kukaribia milioni moja, na mbwamwitu waliokuwa wakiwapunguza waliuawa wote karne nyingi zilizopita. Mashamba makubwa kule yana wenyewe wachache, na wengi wao wanapenda ayala wawe tele kwa ajili ya wageni wa kuwinda. Sheria ya mwaka 2003 inakuruhusu kutembea karibu popote, hata katika ardhi ya tajiri, mradi usiharibu. Nitasema ukweli, hilo niliwaonea wivu. Lakini kuruhusiwa kupita na kuwa na sauti juu ya mlima ni vitu viwili.

Nirudi mjini kidogo, nisije nikawachosha na visiki. Juni 2016 iliangukia Ramadhani. Mchana wa kule mwezi huo hauna mwisho, jua linazama saa nne usiku. Tulifunga kama saa kumi na tisa. Jioni nakaa dirishani, tende mkononi, nalitazama jua linavyofanya maringo. Walionipa moyo ni ndege. Kwetu tunawachanganya wote tukawaita mbayuwayu, lakini hawa ni wale weusi, mabawa kama mundu, wanapita kwa kundi usawa wa dirisha wakipiga kelele kama watoto waliofunguliwa shule. Walikuwa na viota chini ya bati la paa letu.

Bibi mwenye nyumba akasema, "Ndege wetu wamerudi nyumbani." Mimi na njaa yangu nikaona nimpinge. Nikamwambia wanafika Mei, Agosti wameshaondoka. Watafiti wa Uingereza waliwafunga vifaa vidogo wakakuta wanakwenda Kongo, wengine wanafika hadi Msumbiji. Miezi mitatu kwake, tisa njiani na kwetu. Nyumbani ni wapi hapo? Bibi akafikiri, akasema, "Kwenu wanakwenda kula. Kwangu wanakuja kuzaa." Adhana ya kwenye simu ikalia, nikapata kisingizio cha kutojibu.

Kwenye dirisha lile lile alikuwa na chungu cha maua madogo ya zambarau, majani yana manyoya. Amenunua supamaketi. Mmeshalijua? Saintpaulia. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani kwetu Usambara, na mwaka 1893 likapewa jina lake. Leo limekaa madirishani dunia nzima. Mwituni, kwenye miamba ya kivuli ya Usambara, linapungua kwa sababu kivuli chenyewe kinakatwa. Niliona haya kidogo kulimwagilia.

Niliporudi, Oktoba, nikapanda na mama kwenda shamba la babu. Nyuma ya nyumba palikuwa na mkulo mkubwa, wale wanaonukia kafuri. Nilicheza chini yake nikiwa mtoto. Sasa pana maharage. Mimi na digrii yangu, mikono kiunoni, nikauliza, "Mama, nani alikata mti hapa?"

Hakugeuka. Aliendelea kuchuma. Akasema, "Baba yako. Ulikuwa umechaguliwa kidato cha kwanza."

Mwenyekiti, nimemaliza. Ulizeni lolote, ila la mkulo mniachie.