Kuunganisha Stuli kwa Tundu na Ulimi, Hatua kwa Hatua

Karibuni, ndugu watazamaji. Katika video hii nitatengeneza stuli ndogo yenye miguu 4, na kwenye viungo vya fremu yake sitapigilia msumari hata mmoja, kwa sababu nataka mwone kwa karibu namna ulimi wa ubao mmoja unavyoingia katika tundu la mwingine na kushika. Kiungo hiki kimebeba milango, vitanda na meza kwa maelfu ya miaka, na mtu anayefanya useremala kwa kujifurahisha, mwenye patasi moja na msumeno mmoja, anaweza kukikata vizuri sana mradi afuate utaratibu mmoja: tundu kwanza, ulimi baadaye. Upana wa tundu huamuliwa na patasi, nao ukishaamuliwa haurudi nyuma, ilhali ulimi unaweza kuupunguza kidogo kidogo mpaka ukae.

Tuanze na mbao zenyewe. Miguu yangu ina milimita 40 kila upande, na mbao za fremu zitakazoshika miguu hiyo zina unene wa milimita 24 na upana wa milimita 70. Nimechagua mbao zilizokauka vizuri, zenye nyuzi zilizonyooka, zisizo na fundo mahali pa kiungo, kwa kuwa fundo huipotosha patasi hata mkononi mwa fundi mzoefu. Ubao ukipata au kupoteza unyevu hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, lakini urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana ninaziacha mbao ndani ya nyumba kwa wiki mbili kabla ya kuzigusa, na ndiyo maana pia mwishoni mtaona nikikifunga kiti cha juu kwa namna ya pekee.

Kanuni ya kawaida ni kwamba unene wa ulimi uwe takriban theluthi moja ya unene wa ubao, kwa hiyo kwa ubao wa milimita 24 ninachukua patasi ya milimita 8. Kabla ya kupima chochote, inoe. Sawazisha kwanza mgongo wake juu ya kinoo cha namba 1000 mpaka sehemu iliyo karibu na makali ing'ae yote, kisha noa upande wenye mteremko kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30, na umalizie kwa kinoo cha namba 6000. Ijaribu kwenye kichwa cha kipande cha mbao laini, pale nyuzi zinapoishia: patasi kali huacha uso laini unaong'aa, na patasi butu huziponda nyuzi na kuacha uso wenye mikwaruzo. Ukiona mikwaruzo, rudi kwenye kinoo, kwa sababu patasi butu hukulazimisha kusukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayoipeleka patasi kwenye mkono wa pili.

Sasa tunachora. Nimeiacha miguu iwe mirefu kwa milimita 20 upande wa juu, na ziada hiyo nitaikata baadaye. Kazi yake ni kuuzuia mguu usipasuke wakati ninachimba karibu na ncha. Ninaanza tundu milimita 10 chini ya mstari wa kichwa cha mguu, nalipa urefu wa milimita 50, na kwa geji ya kuchorea, kifaa chenye pini mbili za kukwaruza mistari sambamba na ukingo wa ubao, ninapiga mistari miwili yenye nafasi ya milimita 8 katikati ya uso wa mguu. Mistari ya kukata kukingama nyuzi ninaichora kwa kisu badala ya penseli. Penseli huacha mstari wenye unene wake, na hujui ukate upande upi, lakini kisu huacha mfereji mwembamba ambao makali ya patasi huingia yenyewe na kutulia.

Tazameni sasa jinsi tundu linavyochimbwa, kwa maana hapa ndipo wengi huharibu. Ninaubana mguu juu ya meza ya kazi, kisha ninasimama mwisho wa mguu, si ubavuni, ili macho yangu yaone kama patasi imesimama wima. Ninaanza milimita 3 ndani ya mstari wa mwisho na kupiga kwa nyundo ya mbao, kisha ninasogea milimita 4 na kupiga tena, huku mgongo wa patasi ukitazama ninakotoka, hadi nifike milimita 3 kabla ya mstari wa upande wa pili. Vipande vinavyolegea ninavitoa kwa kuilaza patasi taratibu, bila kuiegemeza kwenye ncha za tundu, kwa sababu ncha zikibonyea sasa hazifichiki baadaye. Ninarudia hivyo mpaka kina kifike milimita 25, kina ambacho nimekiwekea alama kwa kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi juu ya patasi. Mwisho kabisa ndipo ninapokata zile milimita 3 za kila upande, patasi ikiwa imekaa ndani ya mfereji wa kisu.

Ulimi ni rahisi zaidi. Geji niliyoitumia kwenye tundu ninaitumia hapa bila kubadilisha ile nafasi ya milimita 8, ila ninaisogeza ili mistari ikae katikati ya unene wa ubao, kisha ninapima urefu wa milimita 23, ili ibaki nafasi ya milimita 2 ya gundi iliyozidi. Ninakata mbavu za ulimi kwa msumeno wenye meno madogo, nikipita upande wa mbao itakayotupwa na kuuacha mstari mzima, halafu ninakata mabega, yaani kingo zinazobaki kando ya shina la ulimi, kwenye mstari wa kisu. Ninapunguza pia milimita 10 juu na milimita 10 chini, ili upana wa ulimi uwe milimita 50 kama tundu. Kwa kuwa ndimi mbili hukutana ndani ya kila mguu, ninakata ncha zake kwa pembe ya nyuzi 45, upande mrefu ukiwa nje ya stuli.

Jaribuni ulimi kwenye tundu lake na kuandika namba ileile kwenye vyote viwili, maana kila kimoja kina mwenzake. Ukigoma, usiupige kwa nguvu. Uchomoeni mtazame ubavu wake: mahali penye mng'ao ndipo panaposuguana, na hapo ndipo pa kuondoa unyoya mmoja mwembamba kwa patasi. Ulimi uliokaa vizuri huingia kwa kusukuma kwa mkono na kugonga mara mbili tatu, na ukiuinua mguu juu, ubao hauanguki.

Viungo vyote 8 vikikubali, ninapaka gundi nyeupe ya mbao ndani ya tundu na kwenye mbavu za ulimi, ninakusanya fremu, ninaibana kwa klampu, kisha ninapima kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Vipimo viwili vikilingana, kona za fremu ni za pembe mraba. Klampu zinakaa saa 1, na stuli haibebi uzito kwa saa 24. Baada ya hapo ninakata ile ziada ya juu ya miguu.

Kiti cha juu nakifunga kwa skrubu kutoka chini, kupitia vipande vya mbao vyenye matundu marefu kidogo yanayofuata upana wa kiti. Stuli yangu ya kwanza niliigandisha kiti kwa gundi pande zote, na hewa ilipokauka kiti kilipasuka katikati usiku mmoja, kwa mlio nilioamka nao. Matundu hayo marefu yanakiacha kiti kisogee milimita chache bila kupasuka.

Ninalainisha kwa msasa wa namba 120, kisha 180, kisha 220, daima kwa kufuata nyuzi, na kupaka mafuta ya kitani kwa kitambaa, nikifuta yanayobaki juu baada ya dakika 15. Kitambaa hicho kisikunjwe wala kutupwa kwenye pipa kikiwa kibichi, kwa sababu mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandazeni nje, juu ya sakafu ya saruji, mpaka kikakamae.