Verdicchio na Mchuzi wa Samaki wa Ancona

FLORA: Karibuni tena mezani. Leo hakuna mvinyo mwekundu, na Deo ameshanuna.

DEO: Sijanuna, dada. Ila mvinyo mweupe kwangu ni maji ya limau ya bei mbaya. Haya, nishawishi.

FLORA: Tuko Italia, mkoa wa Marche, upande wa Bahari ya Adriatiki. Zabibu yao inaitwa Verdicchio, na ina makao mawili: vilima vinavyouzunguka mji wa Jesi, na bonde la Matelica kule juu.

DEO: Kuna tofauti, au majina tu?

FLORA: Ipo! Mabonde mengi ya Marche yanateremka kutoka milima ya Apenini hadi baharini. La Matelica limelala kaskazini kwenda kusini, milima imelikinga, hewa ya bahari haifiki. Mchana jua, usiku baridi. Zabibu inaiva polepole, uchachu haupotei. Mvinyo wa Jesi unapata hewa ya bahari, kwa hiyo ni mlaini zaidi.

DEO: Ninayoijua mimi ni ile chupa ya kijani yenye kiuno, kama mtungi wa kale.

FLORA: Ya kampuni ya mvinyo ya Fazi Battaglia, ya miaka ya 1950. Iliupeleka mvinyo huu mbali sana, lakini nao ukabaki na sifa ya mvinyo wa watalii ufukweni: unywe, usahau. Mimi naona chupa ile iliudhulumu.

DEO: Tuje kwenye chakula basi.

FLORA: Brodetto, mchuzi wa samaki wa Ancona, mji wa bandari wa Marche. Kwa desturi unataka aina 13 za samaki.

DEO: Kumi na tatu! Hiyo ni sufuria au bahari?

FLORA: Kilikuwa chakula cha wavuvi, kaka. Wale samaki wadogo, wenye miba, wasiouzika sokoni. Unaanza na vitunguu, nyanya na siki. Ngisi anaingia mapema maana anachelewa kuiva, wenye nyama laini wanangoja mwisho. Unaumwagia juu ya mkate wa kuchoma.

DEO: Subiri. Siki? Siki si inaua mvinyo?

FLORA: Inaua mingi, ndiyo maana nimeuchagua huu. Ukishaonja siki, mvinyo usio na uchachu unapooza kabisa mdomoni. Verdicchio una uchachu wa kujibizana nayo. Halafu mwishoni unaacha uchungu kidogo wa lozi, na huo ndio unaosafisha mafuta.

DEO: Mafuta gani tena kwenye mchuzi wa nyanya?

FLORA: Hapo naingia kwenye stoccafisso. Ni samaki wa Norwei aliyekaushwa kwa upepo, bila chumvi. Analowekwa siku kadhaa mpaka alainike, anapikwa moto mdogo na viazi, nyanya, na mafuta ya zeituni yasiyopimwa kwa kijiko. Chini ya sufuria wanatandika vijiti vya matete ili asishike. Na Verdicchio wenyewe unamiminwa humohumo.

DEO: Hapo kwenye vijiti wamenipata. Na asiyekula samaki?

FLORA: Sungura wa kuoka kwa shamari mwitu na vitunguu saumu. Au zeituni za Ascoli, mji mwingine wa Marche: unatoa kokwa, unajaza nyama ya kusaga, unakaanga.

DEO: Barafu ninaweka?

FLORA: Usithubutu! Friji inatosha, na uutoe kama robo saa kabla. Ukizidi ubaridi, harufu yote inajificha. Hasa ukiwa na Riserva, ile inayokaa angalau miezi 18 kabla ya kuuzwa. Ukiitunza miaka kadhaa zaidi inaanza kunukia asali.

DEO: Sasa nikiwa na chupa mbili, ipi na ipi?

FLORA: Jesi wa kawaida, mchanga, kwa brodetto. Stoccafisso mpe Riserva ya Matelica; yule samaki ni mzito, anataka mwenzake.

DEO: Na zeituni?

FLORA: Zeituni zikitoka jikoni zina moto, Deo, hakuna atakayekuuliza umefungua chupa gani.