Propela ya pontuni: mashine ikwambie yenyewe

NAHODHA: Karibuni, wasikilizaji. Leo ni propela, au rafadha ukipenda, ya boti ya pontuni, ile ya jukwaa bapa juu ya mapipa yanayoelea. Fundi, lalamiko tulisikialo sana ni hili: dereva akiwa peke yake boti yaenda vizuri, wakipanda watu kumi na madebe yao ya barafu, yanguruma tu.

FUNDI: Hapo pichi ni kubwa mno kwa mzigo ule. Propela iliyoandikwa 14 × 13, ile 14 ni kipenyo na 13 ni pichi, zote kwa inchi. Pichi ni umbali ambao propela ingesogea kwa mzunguko mmoja lau ingekuwa skrubu ndani ya ubao. Watu huongeza pichi wakitafuta kasi. Pontuni ina mapipa yanayokokota maji na turubai linalokamata upepo, kwa hiyo pichi kubwa huinyonga mashine.

NAHODHA: Basi mtu aanzie wapi?

FUNDI: Kwenye kitabu cha mashine. Kimeandika mizunguko inayotakiwa mafuta yakifunguliwa mwisho. Tuseme ni 5500 hadi 6000 kwa dakika. Pakia mzigo wako wa kawaida, jaza tangi, fungua mafuta yote, soma mita. Ikigota 5000 na pichi ni 13, punguza. Kila inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kama 150 hadi 200. Ukishuka hadi 10, utakuwa karibu na 5600.

NAHODHA: Na akirudi mtupu?

FUNDI: Pima tena mtupu, maana mashine ikipita 6000 nayo ni hasara. Lakini ile ya kunyongwa ndiyo inayoua kimyakimya: joto hupanda, kaboni hujaa kwenye pistoni, mafuta huisha, na dereva hajui kwa sababu mlio haujapanda.

NAHODHA: Kwetu huku pwani ya Kenya niongeze jambo. Ukipima kasi kwenye hori ya Tudor au Mtwapa, pima kwa GPS ukienda na maji, kisha ukirudi dhidi yake, uchukue wastani. Wakati wa bamvu, maji yakijaa na kupwa sana, mkondo waweza kukudanganya vibaya. Afadhali ungoje maji mafu.

FUNDI: Kweli kabisa, na wastani huo una kazi. Zidisha mizunguko kwa pichi, gawanya kwa uwiano wa gia (mashine huzunguka mara ngapi propela ikizunguka mara moja), gawanya tena kwa 1215: unapata noti za kinadharia, yaani maili za baharini kwa saa. Mizunguko 5600, pichi 10, gia 2.33, ni karibu noti 19.8. GPS ikisema 14, umepoteza kama asilimia 29. Kwa pontuni iliyojaa watu si ajabu. Hasara ikifika asilimia 40, propela inakula hewa, au hesabu imeingia kosa.

NAHODHA: Kula hewa kunajulikanaje?

FUNDI: Mizunguko yaruka ghafla, hasa kwenye kona, na boti haisukumwi. Teremsha mashine tundu moja, na usiinue mguu wake kupita kiasi. Lakini dalili hiyohiyo huletwa na mpira wa ndani ya kitovu ulioachia. Chora mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, endesha, kisha angalia. Mstari ukikatika, mpira umekwisha. Usihangaike na pichi.

NAHODHA: Mapanga ya propela, matatu au manne?

FUNDI: Kwa kubeba abiria, napenda manne. Hushika maji vizuri kwenye kona na wakati wa kufunga gati, na mtetemo hupungua. Kasi ya juu hupungua kidogo. Ukitoka matatu kwenda manne, shusha pichi kama inchi moja.

NAHODHA: Chuma cha pua?

FUNDI: Hakipindi kirahisi, kwa hiyo husukuma vizuri zaidi. Ila kwenye mafungu na matumbawe, alumini hupinda yenyewe na mara nyingi kuokoa gia. Mimi ningefunga alumini na kuweka ya akiba botini, pamoja na nati, washa na pini.

NAHODHA: Na kuifunga?

FUNDI: Toa ufunguo kwanza, mashine iwe nyutro. Kabari ya mbao iingie kati ya panga na bamba la juu, ndipo ulegeze nati. Ile washa nene ya kati ya propela na nyumba ya gia isisahaulike: bila hiyo propela husaga nyumba ya gia. Paka shafti grisi ya baharini, la sivyo chumvi itaigandisha. Kaza nati kwa kipimo cha kitabu, weka pini mpya.

NAHODHA: Ukiwa hapo, tazama mshipi wa wavuvi.

FUNDI: Naam, hujizonga kwenye shafti, kati ya propela na nyumba ya gia, na kukata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia. Legeza skrubu ya chini ya gia, oili itone kidogo tu. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Boti isitoke tena mpaka sili ibadilishwe.