Mtihani wa Uthamini wa Nyumba Marekani: Saa Kwanza, Mtihani Baadaye

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Wengi mnaniuliza: nikifika Marekani, nikanunua vitabu nikasoma kwa bidii, si nafanya tu mtihani wa mthamini wa nyumba? Hapana. Naomba hili mlisikie vizuri, maana inauma kuona mtu anamaliza akiba yake kwenye kozi za mtihani ambao hajaruhusiwa hata kuusogelea.

Huku mtihani unakuja mwisho. Kwa leseni ya kuthamini nyumba za makazi, vigezo vya taifa vinadai saa zisizopungua 150 za masomo, kisha saa 1,000 za kazi ndani ya muda usiopungua miezi 6. Shahada haihitajiki kwa ngazi hii, ila jimbo laweza kuongeza masharti yake. Ukikamilisha hayo, bodi ya jimbo inayosimamia wathamini ndiyo inakuruhusu ukafanye mtihani.

Penye kazi ni hizo saa 1,000. Lazima umpate mthamini mwenye cheti, yaani ngazi iliyo juu ya leseni hii, akubali kukusimamia: muende wote kukagua nyumba, apitie ripoti zako, aweke sahihi yake. Halazimiki kukuchukua, na kosa lako litamgusa na yeye. Kwangu mimi mlango huu ni mgumu kuliko mtihani wenyewe, hasa kwa mgeni asiye na wa kumtambulisha. Ipo programu iitwayo PAREA, unajifunza kazi kwa kompyuta badala ya kumtafuta msimamizi. Ulizeni mapema kama jimbo mnalokwenda linaikubali.

Mtihani una maswali 125 ya kuchagua jibu, muda saa 4. Yanayohesabiwa ni 110. Mengine 15 yanajaribiwa tu, na huwezi kujua ni yapi, kwa hiyo jibu yote. Kufaulu ni alama 75, na hiyo si asilimia ya maswali uliyopata, bali ni alama zilizobadilishwa kwa mizani maalumu. Utaulizwa kukadiria thamani kwa kulinganisha na nyumba zilizouzwa, kwa gharama za ujenzi, na kwa mapato ya kodi ya pango. Halafu kuna USPAP, kanuni za kazi na maadili. Hizo zisomeni mpaka ziwakae kichwani.

Na wewe ambaye tayari ni mthamini huko nyumbani, ujuzi wako utakusaidia sana darasani, lakini saa zinazohesabiwa ni za kazi iliyofuata USPAP. Kabla hujalipia kozi yoyote, iandikie bodi ya jimbo, uliza watakutambulia nini, na majibu uyapate kwa maandishi.