Napoleon alipita kwa nyumbu: Mwanaisha arudi kutoka Great St Bernard

ATHMANI: Karibuni tena barazani, wasikilizaji. Mwanaisha karudi kutoka Great St Bernard, njia ya milimani huko Uswisi, na baridi bado haijamtoka.

MWANAISHA: Wacha mzaha, Athmani. Wewe kusi ikivuma tu wajifunika shuka mbili. Kule njia yenyewe iko mita 2,469 juu ya bahari. Nilikwenda Julai, na theluji bado ilikuwa imeshika vivulini.

ATHMANI: Ndiyo ile ya kuvukia Italia?

MWANAISHA: Hiyo hiyo. Kutoka Martigny unapanda treni hadi Orsières, halafu basi. Juu kuna ziwa dogo. Hapa Uswisi, ukitembea kidogo uko Italia. Warumi walipita, wakajenga hekalu la mungu wao Jupita. Lakini anayetajwa na kila mtu ni Napoleon, jemadari wa Ufaransa.

ATHMANI: Yule wa kwenye picha, farasi kasimama miguu miwili, joho lapepea.

MWANAISHA: Ehee, nilikuwa nakungoja useme! Mei 1800 alivusha jeshi la watu wapatao 40,000 kwenda kupigana na Waaustria. Mizinga ilifunguliwa, mitutu ikatiwa ndani ya magogo yaliyochongwa, ikaburutwa kwenye theluji. Mwenyewe alipanda nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, akiongozwa na mwenyeji. Yule farasi kabuniwa na mchoraji, Jacques-Louis David.

ATHMANI: Subhanallah! Waamu tungemwambia mapema. Njia mbovu, farasi wa nini?

MWANAISHA: Mimi Napoleon hakunishughulisha sana. Alipita, akenda zake. Kilichonikaa moyoni ni nyumba ya watawa iliyoko pale juu. Mtakatifu Bernard wa Menthon aliianzisha yapata mwaka 1050, kwa ajili ya wasafiri walioteswa na baridi na majambazi. Mpaka leo watawa wapo, wanapokea wageni. Karibu miaka elfu, Athmani! Msikiti wetu wa Pwani hapa Lamu, tunaojivunia hivi, unahesabiwa wa 1370.

ATHMANI: Na wale mbwa wao?

MWANAISHA: Wapo, wakubwa kama ndama. Zamani walifuatana na watawa kutafuta waliofukiwa na theluji. Mmoja, Barry, inasemekana aliokoa watu zaidi ya 40. Alikufa 1814, na mwili wake umehifadhiwa makumbusho ya Bern. Kile kipipa cha pombe shingoni ni hadithi tu. Siku hizi waokoaji huja na helikopta.

ATHMANI: Afadhali. Mimi kipipa kile kingenitia mashakani: nife na baridi au ninywe?

MWANAISHA: Mwulize sheikh, usiniulize mimi! Anayetaka kwenda, aende kati ya Juni na Septemba. Baridi ikiingia, barabara ya juu hufungwa, magari yakapita chini kwenye handaki lililofunguliwa 1964. Viza moja ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, yatosha kwa nchi zote mbili. Na makubadhi ayaache nyumbani.

ATHMANI: Hilo la makubadhi wanisema mimi. Haya, tusome ujumbe wa wasikilizaji.