Gasketi ya Kabureta Haibanduliwi kwa Bisibisi

Jongeeni mezani, vijana. Hizi ni kabureta mbili, vile vifaa vya kuchanganya petroli na hewa, za pikipiki za cc 125, zote za bodaboda. Hii ya kushoto ilikwanguliwa kwa bisibisi. Pitisheni ukucha ukingoni mwa bakuli, hili la chini linalokaa petroli. Mnakisikia hicho kimfereji? Petroli inavujia hapo, na hata gasketi mpya, ile karatasi ya kuzuia uvujaji, haitakiziba sawasawa.

Siwacheki waliofanya hivyo. Nilipokuwa saidia fundi niliharibu bodi nzima kwa dakika tano, na posho ya mwezi ule sikuiona.

Bodi ya kabureta ni zinki au alumini. Ni laini mno mbele ya chuma cha bisibisi. Gasketi nayo ni karatasi iliyopikwa na joto la injini miaka na miaka, ikashika kama ukoko wa wali. Sasa niambieni, mama zenu hubandua ukoko kwa panga? Humwagia maji sufuria, wakaenda kufanya mengine.

Maji yetu ni thina. Lakini kwanza toa floti, yaani boya linalokata petroli bakuli likijaa, sindano yake, jeti zenye vitundu vya kupitishia petroli, ringi zote na kiwambo cha mpira kama kipo, maana mpira ukinywa thina unavimba na haurudi. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya gasketi, kikikauka ongeza. Dakika ishirini, wakati mwingine saa nzima. Kazi hii ni ya nje, penye hewa. Anayevuta sigara akae ng'ambo ya barabara. Halafu kwangua kwa kipande cha rula ya plastiki au mwanzi uliochongwa bapa, ukiulaza, usiusimamishe. Pakigoma, rudisha kitambaa.

Wapo wanaochovya kabureta kwenye kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Ukiona mapovu, jua alumini yenyewe ndiyo inayoliwa.

Msasa wa maji namba 400 tunautandaza juu ya kioo, bakuli tunalisugua taratibu mara mbili tatu. Panapong'aa ndipo palipoinuka. Pasipoguswa ndipo palipobonyea. Tunapima tu hapo, hatukwangui. Kisha osha kwa petroli safi, puliza kila tundu kwa kompresa.

Na silikoni msiniletee. Ile ya kawaida petroli huivimbisha, vipande hukatika na kuziba jeti, mteja anarudi kesho pikipiki inamisi, injini inakatakata.

Upande wa injini, pale kabureta inapofungwa, ndio mafundi wengi huusahau. Mabaki yakibaki pale, kabureta inakaa upande na hewa inapita pembeni. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta, inapanda, plagi inageuka nyeupe, na wewe unazungusha skrubu ya hewa kutwa nzima.

Ukimaliza kufunga, usiirudishe kwenye pikipiki bado. Isimamishe wima juu ya gazeti kavu, mimina petroli kwenye mrija wake mpaka floti ikate, uiache dakika kumi. Kisha inua, utazame gazeti.